Daftari kabla ya hati ya madai

Vijana wanaokuja ofisini kwangu kwa mafunzo ya uwakili hutamani kusikia habari za mahakamani: nilimhojije shahidi, jaji alisema nini. Siku ya kwanza nawakabidhi daftari lenye majina, namba za simu na madole gumba ya wanaowakilishwa, wakalihakiki mstari kwa mstari. Baadhi hununa. Lakini kwa miaka 17 niliyofanya kesi za uwakilishi, za wastaafu, za wafanyakazi wa viwanda vilivyofungwa, za wanakijiji waliohamishwa, sijaona kesi iliyosimama bila daftari hilo.

Kisheria, mlango wetu hapa Tanzania ni Amri ya Kwanza, Kanuni ya 8 ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33. Watu wakiwa wengi na maslahi yao katika shauri ni mamoja, mmoja au wachache wao wanaweza kushtaki kwa niaba ya wote. Sharti ni kuomba kwanza kibali cha Mahakama, kisha wote wanaowakilishwa wapewe taarifa, mkononi au kwa tangazo, kwa gharama ya mdai.

Nilijifunza uzito wa kibali hicho mwaka wangu wa tatu wa uwakili. Viongozi wa wafanyakazi zaidi ya 200 waliniletea orodha iliyochapwa vizuri, kila jina na saini yake. Niliipokea ilivyo, nikaiambatanisha na kiapo. Mawakili wa upande wa pili waliipitia jina kwa jina. Saini kadhaa zilikuwa za mkono mmoja, majina mengine yamejirudia, na watu watatu walikuwa marehemu, mmoja wao amezikwa miaka miwili kabla ya tarehe ya saini yake. Maombi yakatupwa. Nilipokwenda kuwaeleza, mzee mmoja akaniuliza, "Mwanangu, na sisi tulio hai tumekosa nini?" Sikuwa na la kumjibu. Kosa lilikuwa langu.

Mahakama ya Rufani imekwisha kueleza kwa nini inabana hapo: anayejitokeza kusema kwa niaba ya wengine anaweza kuwa anawasemea wafu, watu wasiokuwepo, au walio hai ambao hawakumtuma. Zamani nililiona jambo hili kama kikwazo cha kiufundi. Siku hizi naliona ni haki ya mteja wangu, kwa sababu kifungu cha 9 cha sheria hiyohiyo kinamfunga kila anayewakilishwa. Tukishindwa, hawezi kurudi kesho na kesi yake mwenyewe juu ya dai lilelile. Mtu hapaswi kupoteza haki yake katika kesi ambayo hakuambiwa kwamba ipo.

Kwa hiyo siku hizi naanza na mkutano. Muhtasari unaandikwa, mahudhurio yanasainiwa mbele yangu, na asiyejua kusoma anasomewa azimio lote kabla ya kuweka dole. Naandika namba ya kitambulisho, simu, na jina la ndugu wa kumtafuta. Aliyefariki hawakilishwi na mwanawe kwa kuwa tu ni mwanawe. Familia inakaa kikao na kufungua mirathi, msimamizi anateuliwa, ndipo jina linaingia. Na wakati wote huo saa inakimbia. Mgogoro wa kuachishwa kazi unatakiwa kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Ukiishtaki Serikali, unatoa kwanza notisi ya siku 90.

Swali gumu zaidi ni la maslahi kuwa mamoja. Wastaafu wanaodai mafao chini ya kanuni moja hawanisumbui, hata kama kila mmoja anadai kiasi chake. Wanakijiji wa fidia ya ardhi ndio wanaoninyima usingizi: huyu ana hati ya kimila, yule alinunua kwa maneno tu, mwingine anabishania tathmini ya minazi yake. Hapo nashauri wote waingie kama wadai kwa majina yao, au tuwagawe kwa makundi. Ni kazi kubwa na ghali, najua. Bado naona ni afadhali kuliko kuyafunga madai ya kila namna katika furushi moja.

Majirani zetu wa Kenya wana njia pana zaidi. Ibara ya 22 ya Katiba yao ya 2010 inamruhusu mtu kwenda mahakamani kutetea haki za kundi zilizovunjwa, na kufungua hakutozwi ada. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliodhurika kwa sumu ya madini ya risasi (ledi) kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu, walipewa fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya mwaka 2020. Mahakama ya Rufani ikaitengua 2023, Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Mlango ulikuwa wazi, na bado ilichukua miaka yote hiyo. Wapo wanaozaliwa, wanaohama na wanaozikwa kesi ikiendelea.

Daftari la kesi niliyo nayo sasa lina majina 412. Jumamosi iliyopita mama mmoja alikuja na barua ya usimamizi wa mirathi ya mumewe kutoka Mahakama ya Mwanzo. Tulifungua mstari wa 87, nikamsomea azimio la mkutano mwanzo hadi mwisho, naye akaniomba nirudie kipande cha pili.