Mionzi ya sumakuumeme: toka chaji hadi fotoni

Usiku ziwa la lava la Nyiragongo linapowaka, sisi wa Goma tunaona mawingu juu ya mlima yamekuwa mekundu. Wekundu ule ni mionzi ya sumakuumeme, ndugu wa mionzi ya antene za simu ambayo wengi mtaani wanaiogopa kuliko mlima wenyewe.

Mionzi hii huzaliwa na chaji ya umeme. Chaji ikitulia, huzungukwa na uga wa umeme tu, yaani eneo ambamo nguvu yake ya umeme husikika. Ikitembea kwa mwendo usiobadilika, huongezeka uga wa sumaku, na bado hakuna mionzi. Lakini ikitikiswa, yaani mwendo wake ukizidi, ukipungua au ukipinda, wimbi hubanduka na kwenda zake, kilomita 299,792 kwa sekunde. Kwenye antene ya redio ya FM, elektroni, yaani chembe ndogo za atomu zenye chaji, hutikiswa karibu mara milioni 100 kwa sekunde. Kwenye lava, kinachozitikisa ni joto.

Wimbi likiondoka hubeba nishati; chaji halibebi. Kaa karibu na mbabula: mikono inapata joto, haipati chaji.

Sasa fotoni, na hapa ndipo penye utamu. Mwaka 1905 Albert Einstein, akiendeleza wazo la Max Planck la mwaka 1900, alisema nishati ya mwanga huja kwa vipande. Kila kipande ni fotoni, na thamani yake hutegemea masafa, yaani idadi ya mitikisiko kwa sekunde. Ni kama franka zetu za Kongo, ambazo sokoni ni noti tupu, hakuna sarafu. Mwanga mkali ni noti nyingi. Masafa makubwa ni noti kubwa. Na atomu ni mchuuzi mgumu: kwa kawaida hupokea noti moja tu kwa wakati mmoja. Kung'oa elektroni ya hidrojeni kunadai elektronivolti 13.6 (elektronivolti ni kipimo kidogo cha nishati). Fotoni nyekundu ina karibu 1.9, haitoshi, hata zije bilioni. Ya eksirei ina maelfu. Ya antene ya simu haifiki hata sehemu moja ya elfu kumi ya elektronivolti moja. Zikijaa mahali pamoja, hupasha joto tu.

Kung'oa elektroni ndiko kunakoweza kudhuru mwili. Ndiyo maana mpiga picha za eksirei hospitalini husimama nyuma ya ukuta wenye madini ya risasi, na redio ya nyumbani haijengewi ukuta.