Nesi anayeongea Kikerewe, ukabila uko wapi hapo?

"Kutaka mhudumu anayejua lugha ya wagonjwa ni kuleta ukabila." Hii ndo naisikia sana hapa Mwanza, na naielewa kabisa, maana tumelelewa kwamba kumuuliza mtu kabila lake ni kukosa adabu. Ila bibi yangu kule kisiwani Ukerewe, ndani ya Ziwa Victoria, Kiswahili chake ni cha kusalimia na kuuza dagaa, basi. Alipoumwa nikampeleka zahanati, nesi binti wa watu mpole tu katokea mkoa wa mbali, akauliza bibi unasumbuliwa na nini, mkalimani ndo mimi. Bibi akaniangalia weee, akasema tumbo. Tukapewa panadol tukarudi nyumbani. Miezi minne baadaye ndo tunakuja kujua kumbe alikuwa anatokwa damu, na hedhi ilishakoma miaka na miaka, sasa we niambie bibi anaanzaje kumweleza mjukuu wake wa kiume habari hizo? Alikuja kumwambia mama mmoja mhudumu, Mkerewe mwenzie, wakiwa wamekaa tu kwenye benchi wanapiga stori. Damu ya hivyo lazima ichunguzwe haraka, maana inaweza kuwa saratani ya mlango wa kizazi, na hiyo ndo inaongoza kwa wanawake Tanzania. Ya bibi haikuwa saratani, ila ile miezi minne sitaki hata kuikumbuka.

"Hayo ni mambo ya Marekani." Kweli, utafiti maarufu ni wa huko, ulitoka 2018, mji wa Oakland, California. Wanaume weusi walipangiwa madaktari kwa bahati nasibu, wengine daktari mweusi, wengine siyo. Walipoona picha tu ya daktari hakukuwa na tofauti, ila wakishaongea naye, waliopata mweusi walikubali vipimo zaidi, hasa vile vya kutoboa kidole au kuchoma sindano. Watafiti wakakadiria hali hiyo ingeweza kupunguza pengo la vifo vya moyo kati ya wanaume weusi na weupe kwa 19%. Sisi hatuna weusi na weupe, tuna mvuvi. Mvuvi wa dagaa anafanya kazi usiku kwenye giza na taa zake, zahanati inafunguliwa yeye ndo kalala, halafu tunasema wanaume hawapendi kupima! Aliyekulia mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, hahitaji semina, anajua uende kambini siku za mbalamwezi, nyavu zimeanikwa na watu wapo.

"Ukichukua watoto wa vijijini unashusha viwango." Mtihani ni uleule, leseni ni ileile. WHO, yaani Shirika la Afya Duniani, walishashauri tangu 2010, wakarudia 2021, vyuo vichukue wanafunzi waliotoka vijijini kwa sababu hao ndo wenye uwezekano mkubwa wa kubaki huko. Wa mjini wengi wakipangiwa kisiwani siku ya kwanza tu wanaulizia uhamisho (siwalaumu, boti za kule ukikutana na upepo utatubu dhambi zote).

"Wanawake si wamejaa hospitali, usawa upi tena?" Wamejaa wodini. WHO 2019 walisema wanawake ni kama 70% ya wafanyakazi wa afya duniani, ila vyeo vya juu wanashika 25% tu.

Sasa upande wa pili nao wana dhana yao, ya kwamba basi kila zahanati ijazwe watu wa palepale. Hapana aisee. Wapo wanaovuka ziwa na nauli wamekopa wakachukue ARV, dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, Mwanza mjini ambako hawajulikani, na huyo umpe nesi wa kijijini kwao, shangazi yake kabisa, hatatia mguu. Ndo maana nasema mchanganyiko, wa kwenu awepo na mgeni awepo, mtu achague wa kumfungukia, maana kisiwani nesi aliyesoma kadi yako jana, leo unakutana naye msibani anakupakulia wali.