Saluti Isiyopigwa: Chama cha Wenye Magari Kilichozaliwa Kukwepa Mitego ya Polisi

Dereva yeyote wa barabara kuu anaijua lugha ya taa. Gari linalokuja upande wa pili linakuwashia mara mbili, nawe bila kuuliza unaondoa mguu kwenye mafuta, maana umeshaambiwa: mbele kuna trafiki na tochi. Katika mafunzo tunayotoa kuhusu usalama barabarani, swali moja halikosekani. Je, aliyewasha taa ametenda kosa? Mimi hulijibu kwa kusimulia habari za chama kimoja cha Uingereza, kwa sababu swali hilo ndilo lililokizaa, na nusura likiue kikiwa bado kichanga.

Chama chenyewe ni Automobile Association, AA kwa ufupi. Wanaokijua leo hukijua kwa magari yake ya njano yanayomfuata dereva aliyeharibikiwa njiani. Lakini waliokiunda tarehe 29 Juni 1905, wakiwa katika mgahawa wa Trocadero jijini London, hawakuwa na fikra za betri wala pancha za watu. Walitaka kujikinga na polisi.

Uhasama huo ulikuwa na historia. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1865 iliandikwa kwa ajili ya mashine nzito za mvuke zilizokuwa zikitisha farasi. Ilizikataza kuzidi maili 4 kwa saa mashambani na maili 2 mijini, yaani karibu kilomita 6 na kilomita 3, na ilitaka mtu atangulie kwa miguu akiwa ameshika bendera nyekundu. Sharti la bendera lililegezwa baadaye, lakini magari ya petroli yalipoingia katika miaka ya 1890 yaliukuta mwendo ule ule wa konokono. Januari 1896 Walter Arnold alipita Paddock Wood, huko Kent, kwa maili 8 kwa saa. Askari alipanda baiskeli, akamfukuza, akamkamata. Kwa kosa la mwendo kasi alitozwa faini ya shilingi moja. Hebu fikiria: dereva anashtakiwa kwa mwendo kasi, na aliyemkamata ni mtu anayekanyaga pedali!

Mwishoni mwa mwaka huo kiwango kilipandishwa hadi maili 14, na tarehe 14 Novemba wenye magari wakasherehekea kwa safari ya London hadi Brighton, safari ambayo wapenzi wa magari ya kale huirudia kila Novemba hadi leo. Sheria ya 1903 ikafikisha maili 20, sawa na kilomita 32 kwa saa, na ikaleta namba za usajili pamoja na leseni. Leseni ilipatikana kwa shilingi tano. Hakuna aliyekuuliza kama unajua kuendesha. Mtihani wa lazima wa udereva ulikuja mwaka 1935, miaka 32 baadaye.

Basi serikali ilikuwa imeruhusu maili 20, lakini magari mapya yaliweza kwenda zaidi ya hapo bila kutoa jasho. Polisi wakapata kazi. Mtego wao ulikuwa hivi: walipima kipande cha barabara, tuseme yadi 220, ambazo ni kama mita 200. Askari mmoja alijificha mwanzoni, mwenzake mwishoni, mara nyingi nyuma ya ua wa miti. Gari likipita kwa wa kwanza anatoa ishara, mwenye saa anaanza kuhesabu. Likipita kwa wa pili anasimamisha saa. Kwa maili 20 kwa saa, yadi 220 huchukua sekunde 22 na nusu. Sasa chukulia kidole cha askari kimekosea kwa sekunde mbili tu, hesabu ikasoma 20 na nusu. Dereva aliyekuwa ndani ya sheria anaandikiwa karibu maili 22, na huyo amekwisha kuwa mshtakiwa. Wala hana cha kujitetea nacho mbele ya hakimu, isipokuwa neno lake dhidi ya neno la askari wawili na saa. Nikiwa mtu wa usalama barabarani siwezi kuwatetea waliokuwa wakikimbia, lakini malalamiko yao kuhusu upimaji yalikuwa na mashiko.

Dawa waliyoibuni wenye magari ilikuwa nyepesi. Charles Jarrott, aliyekuwa dereva mashuhuri wa mashindano, pamoja na wenzake walianza kuwakodi vijana wa baiskeli waende na kurudi kwenye barabara ya Brighton, barabara iliyojaa mitego hiyo. Kijana akishagundua askari walipojificha, kazi yake ilikuwa kuwapungia mkono madereva wanaokuja ili wapunguze mwendo. Mpango huo ndio uliokua ukawa AA. Chama kikamwajiri Stenson Cooke kuwa katibu, naye akakishikilia kiti hicho hadi miaka ya vita kuu ya pili. Wanachama wa mwanzo walikuwa kiasi cha watu mia moja, na vijana wa baiskeli wakaitwa maskauti.

London ilikuwa tayari na klabu ya magari tangu 1897, ile iliyopewa hadhi ya kifalme mwaka 1907 na ambayo leo ni RAC, yaani Royal Automobile Club. Hiyo ilikuwa klabu ya mabwana, watu wa mashindano na mialiko. AA walikuwa watu wa barabarani, na baadhi ya mabwana hawakuipenda kabisa biashara ya kuwavurugia polisi kazi yao.

Polisi nao hawakukaa kimya. Waliwafikisha maskauti na wengine wenye tabia hiyo mahakamani kwa kosa la kumzuia askari kutekeleza wajibu wake. Hapa pana kesi mbili ambazo wanafunzi wa sheria huzisoma pamoja, na inafaa kuzitenganisha polepole.

Ya kwanza, Bastable dhidi ya Little, imo katika ripoti za sheria za mwaka 1907. Mtu aliwaonya madereva kwamba mbele kuna mtego. Mahakama ikauliza: kuna ushahidi kwamba madereva walioonywa walikuwa wamezidisha mwendo? Haukuwepo. Kumwambia mtu asiyevunja sheria aendelee kutoivunja hakuwezi kuwa kosa, na mshtakiwa akaponea hapo.

Ya pili, Betts dhidi ya Stevens, imeripotiwa mwaka 1910, na Betts alikuwa skauti wa AA. Safari hii polisi walikuwa wamejifunza. Walionyesha kwamba magari yaliyoonywa yalikuwa tayari yamepita kiwango, na kwamba onyo la skauti ndilo lililoyafanya yapunguze kabla kipimo hakijakamilika. Jaji Mkuu, Lord Alverstone, akaona kuwa hapo askari amenyang'anywa ushahidi wa kosa lililokuwa likitendeka machoni pake. Skauti akapatikana na hatia.

Kwa chama ambacho kazi yake ilikuwa kuonya, hukumu hiyo ilikuwa kama kufungwa mdomo. Jibu lao, kwangu mimi, ni moja ya hila tamu zaidi katika historia ya usafiri. Magari ya wanachama yalikuwa na beji ya chama mbele, na skauti alikuwa na desturi ya kupiga saluti kila alipokutana na beji hiyo. Ilikuwa heshima tu, kama mlinzi anavyomsalimu mwenye nyumba. Basi agizo likawa kwamba skauti ampigie saluti kila mwanachama, isipokuwa mbele kukiwa na mtego. Kitabu cha wanachama kikawasisitizia kwamba skauti asipopiga saluti, dereva asimame amuulize sababu. Mwanachama makini hakuhitaji kufafanuliwa. Na polisi wangeshtaki nini? Hakuna mahakama ambayo ingemtia mtu hatiani kwa kukosa adabu. Mtindo huo ulidumu miongo mingi, hadi miaka ya 1960, magari yalipozidi mno na mkono wa skauti ukawa haupati nafasi ya kushuka.

Mara nyingi historia ya AA husimuliwa kana kwamba kilikuwa chama cha watukutu ambacho baadaye kilitubu kikawa cha huduma. Mimi sioni toba yoyote hapo. Kazi ilikuwa ile ile, yaani kumwambia dereva kilichoko mbele ambacho hajakiona. Mwanzoni alichokuwa hajakiona ni askari kwenye ua. Baadaye ikawa kona kali, njia panda, shule, au jina la kijiji anachoingia. Kuanzia mwaka 1906 AA ilisimamisha maelfu ya vibao vya tahadhari na vya majina ya vijiji, wakati ambapo serikali haikuwa na mpango wa maana wa alama za barabarani, na kazi hiyo ikaendelea mikononi mwa chama hadi mwanzoni mwa miaka ya 1930, serikali za mitaa zilipoichukua. Mwaka 1908 kikatoka kitabu cha wanachama chenye orodha ya mafundi na mawakala nchini kote. Mwaka 1912 kikaanza kuzipa hoteli nyota, na mfumo huo wa nyota tunautumia hata sisi tusiowahi kusikia jina la AA.

Mwaka 1909 chama kilifanya maonyesho ambayo hata waliokiona kuwa genge la wakorofi hawakuweza kuyapuuza. Tarehe 17 Machi magari ya wanachama yaliwapakia askari wa kikosi kizima cha Guards, yaani walinzi wa kifalme, pamoja na vifaa vyao, kutoka London hadi Hastings pwani, na kuwarudisha. Hoja ilikuwa kwamba gari ni chombo cha taifa, hata wakati wa hatari, wala si anasa ya matajiri tu.

Maskauti wa baiskeli walihitaji mahali pa kujikinga na mvua, na hapo ndipo vilipotokea vibanda vya AA, kuanzia miaka ya 1910. Vilikuwa vya mbao, vyeusi kwa njano, ndani mna simu. Mwaka 1920 wanachama wakaanza kupewa funguo ili mtu akikwama usiku aweze kufungua mwenyewe na kuita msaada. Vibanda vichache vimebaki, na kadhaa vinalindwa kisheria kama majengo ya urithi. Pia, mara baada ya vita kuu ya kwanza, chama kilifungua kituo cha mafuta kando ya barabara huko Aldermaston, Berkshire, kinachotajwa kuwa cha kwanza Uingereza. Kabla ya hapo petroli ilinunuliwa kwa makopo ya galoni mbili, lita tisa hivi, kutoka kwa mwenye duka au fundi. Pale Aldermaston skauti alikuvutia mafuta kwa pampu ya mkono.

Kati ya vita mbili maskauti walihama kutoka baiskeli kwenda pikipiki zenye kibebeo cha vifaa pembeni, na kwa sababu hiyo kazi ya ufundi ikaizidi ile ya kuonya. Wanachama walikuwa 83,000 mwaka 1914; kufikia 1950 walikuwa wamefika milioni moja. Huduma ya uokoaji wa usiku ilianza London mwaka 1949. Mwaka 1973 ikaja ile ya kulibeba gari lililoshindikana, pamoja na dereva na abiria wake, hadi walikokuwa wakienda. Mfano wake umeigwa kila mahali penye vyama vya namna hii, na vimejaa: Marekani wana chao tangu 1902, Ujerumani tangu 1903, na Kenya chama cha AA kinahesabu miaka yake kuanzia 1919, kilipoanza kama Royal East African Automobile Association.

Ile vita ya maili 20 iliishaje? Wenye magari walishinda, na ushindi wao ndio unaonifanya nisite ninapowasifu. Sheria ya 1930 ilifuta kabisa kikomo cha mwendo kwa magari madogo, japo ilileta pia bima ya lazima kwa ajili ya mtu wa tatu. Mwaka huo wa 1930 barabara za Uingereza ziliua zaidi ya watu 7,000, katika nchi iliyokuwa na magari machache mno ukilinganisha na leo. Vifo havikupungua kama ilivyotarajiwa. Machi 1935 kikomo kikarudishwa kwenye maeneo yenye makazi, maili 30 kwa saa, kilomita 48. Kuhusu saa za polisi AA walikuwa na hoja. Kuhusu mwendo wenyewe, hesabu ya makaburi iliwakataa. Haki itendeke, chama hicho hicho kilikuja kupigania mikanda ya viti miaka mingi kabla haijawa lazima kwa viti vya mbele mwaka 1983.

Chama kama mali ya wanachama kiliisha mwaka 1999. Walipiga kura kikauzwa kwa Centrica, kampuni ya gesi, kwa pauni bilioni 1.1, na tangu hapo kimepita mikononi mwa wawekezaji mbalimbali. Jina, njano na magari ya mafundi vimebaki, ila mteja wake leo ni mteja kama wa kampuni nyingine yoyote.

Narudi kwa aliyewasha taa. Kila nchi ina sheria yake, kwa hiyo msinikariri kituoni. Lakini Uingereza swali hilo lilirudi mahakamani mwaka 2005, miaka mia moja kamili tangu kikao cha Trocadero. Dereva wa lori alikuwa amewaashiria wenzake kwa mkono kwamba mbele polisi wanapima mwendo, akashtakiwa kwa kumzuia askari. Majaji walizifungua Bastable dhidi ya Little na Betts dhidi ya Stevens, wakauliza lile lile la zamani: yupo aliyethibitishwa kuwa alikuwa amezidisha mwendo, au alikuwa karibu kuzidisha, alipopata ile ishara? Upande wa mashtaka haukuwa naye hata mmoja, na dereva akaenda zake.