Neer mor ni nini? Kinywaji cha chumvi cha kupozea joto India Kusini

Neer mor ni maziwa mgando yaliyopekechwa na kutolewa siagi, kisha yakazimuliwa kwa maji mengi na kutiwa chumvi, tangawizi, pilipili mbichi na majani ya kari. Jina hilo ni la Watamil wa jimbo la Tamil Nadu. Kerala wanakiita sambharam, Karnataka ni majjige, na kwa Watelugu wa Andhra Pradesh na Telangana ni majjiga. Anayeijua lassi tamu na nzito ya kaskazini ya India asiitarajie hapa. Neer mor ni nyepesi, ina uchachu na chumvi, na pilipili yake inasikika kooni.

Kwa nini mtu anayeungua na jua anywe kitu chenye chumvi na pilipili? Tuanze na hali ya hewa yenyewe. Katika Tamil Nadu joto kali huja kabla ya mvua. Kipindi kinachoogopwa zaidi huitwa Agni Nakshatram, au kathiri veyil, na kwa kawaida huanza karibu na tarehe 4 Mei na kuisha karibu na tarehe 28. Chennai hapo hufika nyuzi 38 hadi 40 za Selsiasi, mara nyingine zaidi, na kwa kuwa mji uko pwani hewa hujaa unyevu. Upepo wa kusi ukishavuka bahari huangusha mvua zake Kerala mwanzoni mwa Juni, lakini pwani ya mashariki, ambako ndiko Chennai iliko, hupata sehemu kubwa ya mvua yake kati ya Oktoba na Desemba. Watu wa huko hukaa na joto muda mrefu.

Mwili hujipoza kwa jasho, na jasho hupoza pale tu linapokauka juu ya ngozi. Hewa ikiwa na unyevu mwingi halikauki upesi, kwa hiyo mtu hutoka jasho jingi zaidi bila nafuu kubwa. Jasho hilo huondoka na maji pamoja na chumvi. Anayefidia maji peke yake, tena mengi, huku amefanya kazi juani tangu asubuhi, huweza kubaki na uchovu, kichwa kizito na misuli inayokaza. Hapo ndipo thamani ya neer mor inapoonekana: inarudisha maji na chumvi kwa pamoja, tena bila kulemea tumbo. Siagi imeshatolewa, na bakteria wa kugandisha wameshakula sehemu ya sukari ya maziwa na kuigeuza asidi, ndiyo maana hata baadhi ya watu wanaosumbuliwa na maziwa mabichi huimudu. Ubaridi wake, kwa maneno mengine, hautokani na barafu. Wazee wengi wa Kitamil hawaiwekei barafu kabisa.

Kutengeneza ni rahisi. Chukua kikombe 1 cha maziwa mgando yasiyo na sukari na vikombe 3 vya maji safi. Pekecha kwa upekecho mpaka povu lipande. Ukiona vipande vya siagi vinaelea, viondoe. Twanga kipande kidogo cha tangawizi pamoja na nusu ya pilipili mbichi na majani machache ya kari, utie humo, kisha chumvi kama nusu ya kijiko cha chai. Waliozoea huongeza mvuje kidogo na giligilani iliyokatwakatwa. Kerala hupenda pia vitunguu vidogo vyekundu vilivyopondwa, na wengine hukanda majani ya mdimu humo kwa ajili ya harufu. Ipo nyumba ambayo haiandai neer mor bila kukaanga haradali katika mafuta kidogo na kuimwagia juu ikiwa bado inapasuka. Mimi naona mafuta hayo yanaipa uzito isiouhitaji, lakini harufu yake ni nzuri, siwezi kukataa.

Nyuma ya haya yote kuna wazo pana zaidi, kwamba vyakula vina tabia ya joto au ya baridi bila kujali vimetoka jikoni au kwenye friji. Msomaji wa Zanzibar au Lamu halioni geni, maana hata kwetu wapo wanaokataza vyakula fulani kwa mtu mwenye "baridi". Kwa Watamil embe lina joto. Maziwa mgando, dafu na bizari nyembamba vina baridi. Sayansi ya leo haigawi vyakula hivyo, lakini katika vinywaji hivi desturi hiyo imewafikisha watu mahali pazuri.

Ndugu mtamu wa neer mor ni panakam: sukari guru iliyoyeyushwa katika maji, tangawizi kavu, iliki, pilipili manga kidogo na ndimu. Hunywewa hasa siku ya Rama Navami, sikukuu ya Kihindu inayoangukia kati ya Machi na Aprili, jua linapoanza kuwa kali, na mara nyingi vinywaji hivyo viwili hugawiwa pamoja. Huko Mangalagiri, Andhra Pradesh, liko hekalu la Narasimha mlimani ambako waumini huleta panakam na kuhani huimimina kinywani mwa mungu wao, kisha inayobaki hurudishiwa aliyeileta.

Lakini kinywaji ambacho msomaji wa Afrika Mashariki anapaswa kukijua zaidi ni ambali ya Karnataka na Andhra, ambayo Watamil huita koozh. Huu ni uji wa wimbi. Unga hupikwa, uji ukalala usiku kucha hadi uchachuke kidogo, na asubuhi huzimuliwa kwa maziwa yaliyopekechwa na chumvi, ukanywewa baridi pamoja na kitunguu kibichi na pilipili. Mkulima huunywa kabla ya kwenda shamba na humshikilia hadi mchana. Wimbi asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki, kuanzia Ethiopia hadi Uganda, na lilivuka kwenda India maelfu ya miaka iliyopita. Leo Karnataka ndiyo jimbo linaloongoza India kwa kulilima. Uwele, ambao Watamil huupikia koozh vilevile, nao ulitoka Afrika, upande wa Saheli. Kwa hiyo anayekunywa bushera huko Uganda au uji mchachu wa wimbi Kenya yuko karibu sana na mkulima yule kuliko anavyodhani. Katika mwezi wa Kitamil wa Aadi, kuanzia katikati ya Julai, koozh hupikwa kwa masufuria makubwa kwenye mahekalu ya mungu wa kike Mariamman na kila anayefika hupewa.

Vingine nitavitaja kwa haraka. Nannari ni sharubati ya mzizi wenye harufu, huchanganywa na ndimu na maji. Nungu ni kokwa changa, laini na zenye maji, za mti wa jamii ya mitende ulio jamaa wa karibu wa mvumo wetu. Jigarthanda ya Madurai, yenye maziwa mazito na aiskrimu, ni tamu kweli, ila hiyo naihesabu kuwa kitindamlo.

Majira hayo barabarani hujengwa vibanda vinavyoitwa thanneer pandal, ambako wapita njia hupewa maji na neer mor bure. Maji hukaa katika mitungi ya udongo. Hupenya vitundu vya udongo, hukauka kwa nje na kuondoka na joto la yaliyobaki ndani. Mahali pakavu mtungi hupoza vizuri kuliko pwani.

Mwenye shinikizo la damu apunguze chumvi au aiache, na mwenye kisukari asiikaribie panakam. Mtu aliyezimia au kuchanganyikiwa kwa joto hapewi kinywaji chochote; apelekwe kivulini, alowanishwe maji na kukimbizwa hospitali. Maji ya kuzimulia yawe yamechemshwa yakapoa, na neer mor inywewe siku hiyohiyo, kwa sababu pilipili na tangawizi zikilala humo huitia uchungu.