Waridi la Manjano Halizaliwi na Maradhi

Juzi nimeletewa tena jani lenye madoa meusi, na aliyelileta akaniambia bila kusita kwamba rangi ya manjano na madoa ni mapacha, kwamba anayetaka mwaridi wenye afya na apande mwekundu, na kwamba kujaribu kuzalisha wa manjano nyumbani ni kujitafutia majonzi. Kauli hiyo nimeisikia kwa wateja mara nyingi mno hata nimeacha kuijibu kwa upole. Ina dhana nyingine zinazoifuata nyuma, lakini yenyewe ndiyo inayowafanya watu waweke brashi chini kabla hawajachavusha hata ua moja.

Sikatai kwamba ina asili yake. Mpaka mwishoni mwa karne ya 19, mawaridi ya bustani ya Ulaya yaliyorudia kuchanua hayakuwa na njano iliyokoza. Njano iliyokuwapo ilikuwa hafifu, nayo ilitoka kwa mawaridi ya chai yenye asili ya China, ambayo hayakupenda baridi. Joseph Pernet-Ducher, mzalishaji wa Lyon nchini Ufaransa, alichukua chavua ya 'Persian Yellow', ambayo ni Rosa foetida yenye petali nyingi, akaipaka kwenye ua la mwaridi uitwao 'Antoine Ducher', na kutokana na kazi hiyo akatoa mwaridi 'Soleil d'Or' mwaka 1900. Njano kali ya mawaridi mengi ya kisasa hupitia mlango huo mmoja. Kwa bahati mbaya Rosa foetida huvamiwa sana na madoa meusi, na vizazi vilivyofuata vikachanganywa ndugu kwa ndugu na kuchaguliwa kwa uzuri wa ua peke yake, huku dawa za ukungu zikificha hali halisi ya majani. Ukifanya hivyo kwa rangi yoyote, kwa miongo mingi, utapata miwaridi dhaifu ya rangi hiyo.

Njano ya petali hutokana na karotenoidi, yaani rangi za asili kama ile ya karoti. Kinga dhidi ya madoa meusi hutokana na mambo mengine kabisa, yakiwamo majeni kama Rdr1, iliyogunduliwa katika uzao wa Rosa multiflora, ambayo huuwezesha mmea kumtambua kuvu Diplocarpon rosae anapoanza kupenya jani. Sijaona sababu yoyote ya kibiolojia inayoyalazimisha mambo haya mawili kusafiri pamoja. Anayetaka ushahidi wa macho na atazame majaribio ya ADR ya Ujerumani, ambako miwaridi hukaguliwa kwa miaka 3 katika bustani kadhaa bila kunyunyiziwa dawa; ya manjano imefaulu humo, na 'Solero' ya Kordes, kampuni ya kuzalisha mawaridi, ni mfano mmoja.

Kwa nini basi mtu wa nyumbani hushindwa? Kwa sababu ya hesabu, na hapa ndipo ninapoishiwa subira, kwa kuwa karibu kila anayeniambia kwamba haiwezekani amejaribu kwa miche minane. Mawaridi mengi ya kisasa yana kromosomu 28, yaani seti 4 badala ya 2. Tuchukulie, kwa kurahisisha, kwamba njano huhitaji nakala zote 4 za jeni moja nyonge, na kwamba mzazi wa pili, asiye na nakala hata moja ya jeni hiyo ya njano, ana nakala 1 ya jeni ya kinga inayojitosheleza, yaani nakala moja tu yatosha kuleta kinga. Katika uzao wa kwanza hakutakuwa na ua la manjano hata moja, ingawa nusu ya miche itakuwa na kinga. Hapo ndipo wengi hung'oa kila kitu na kuja kunilalamikia, ilhali uzao huo ulikuwa ngazi tu. Wakimchagua chotara mwenye kinga na kumrudisha kwa mwaridi wa manjano, mche 1 kati ya 6 utakuwa wa manjano, na nusu ya hiyo itakuwa na kinga, yaani 1 kati ya 12. Wakiwachanganya chotara wenyewe kwa wenyewe, wa manjano hushuka hadi 1 kati ya 36, na ndiyo maana nasisitiza kurudi kwa mzazi wa manjano, ikiwezekana wa manjano mwingine asiye yule wa mwanzo, ili kuepuka undugu wa karibu. Kwa nafasi ya 1 kati ya 12, mwenye miche 8 ana uwezekano wa karibu nusu kwa nusu wa kutouona hata mmoja anaoutafuta, lakini mwenye miche 50 atakuwa na bahati mbaya ya pekee akiukosa. Uhalisia ni mgumu zaidi, kwa kuwa ukolevu wa rangi na uthabiti wake juani hutegemea majeni kadhaa. Hiyo ni sababu ya kuotesha mbegu nyingi zaidi, wala si ya kukata tamaa.

Ushauri wangu ambao wengi huupokea kwa uso wa mshangao ni huu: usiinyunyizie miche dawa hata mara moja, na uilete ugonjwa kitaluni kwa mkono wako mwenyewe. William Radler, aliyezalisha mwaridi 'Knock Out' huko Marekani, alikusanya majani yenye madoa, akayakausha, akayasaga na kuyanyunyizia miche yake, kisha akaimwagilia kutoka juu ili ugonjwa ushamiri. Kuvu huyu huhitaji jani lililolowa kwa takriban saa 7 ili aingie, kwa hiyo mwagilia jioni, jambo ambalo ningemkemea mtu mwingine yeyote kwa kulifanya. Mche utakaobaki na majani yake ndio wa kuendelea nao, na ule uliopukutika usiuhurumie kwa sababu ua lake ni zuri. Huruma ya namna hiyo ndiyo iliyotufikisha hapa.

Dhana nyingine nitazipitia kwa haraka. Wapo wanaoamini kwamba kubebesha kikonyo cha mwaridi wa manjano juu ya shina gumu la mwaridi mwingine huzaa chotara mgumu wa manjano. Kubebesha hakuchanganyi majeni. Shina la chini laweza kuongeza nguvu ya mizizi na ukuaji, lakini majani ya juu yatabaki na udhaifu wao uleule. Chotara hupatikana kwa chavua na mbegu tu.

Wengine hupanda mbegu za tunda lililojitokeza lenyewe kwenye mwaridi wa manjano walioupenda, wakitarajia kupata nakala yake. Mawaridi ya bustani yamechanganyika mno kuweza kuzaa kwa kufanana; anayetaka nakala na akate vipandikizi.

Sifa ya kuwa 'wa porini' nayo hutajwa kama hati ya afya. Rosa foetida ni wa porini. Chagua mzazi kwa majani yake mwishoni mwa msimu wa mvua, bila kujali ukoo wake, na ukilazimika kumtumia foetida mtumie kama baba, kwa kuwa ni nadra kushika matunda. Jani linalong'aa vilevile si kinga. Nimeona majani yenye mng'ao wa kioo yakijaa madoa.

Ubwiri unga, yaani ukungu mweupe kama unga juu ya majani, na madoa meusi watu huyaweka katika kapu moja, ilhali maji yaliyotuama juu ya jani humsaidia kuvu wa madoa na humzuia wa ubwiri. Mche uliopita mtihani wa mmoja haujapita wa mwingine. Na hata madoa meusi yenyewe si adui mmoja, kwa kuwa kuvu wake ana koo kadhaa; mwaridi uliobaki safi kwa jirani waweza kukutana kwako na ukoo usiotambuliwa na jeni yake pekee, kwa hiyo tafuta wazazi wenye kinga za asili tofauti na uzikusanye katika uzao mmoja.

Imebaki dhana ya mbegu zisizoota, ambazo husemwa kuwa zimekufa. Mbegu ya waridi huhitaji baridi yenye unyevu kwanza: toa mbegu kwenye tunda lililoiva, takriban miezi 4 baada ya kuchavusha, zisafishe nyama yote, zifungie kwenye karatasi yenye unyevu ndani ya jokofu kwa kiasi cha nyuzi 4 za Selsiasi, na ziache kwa wiki 6 hadi 12 kabla ya kuzipanda. Hata hivyo nyingi hazitaota katika msimu wa kwanza. Usimwage udongo wa trei. Nyingine huchipua mwaka unaofuata.