Uthabiti wa programu ya video kwa DJ ni nini?

Programu thabiti ya video ni ile inayotoa kila fremu (picha moja moja inayounda video) kwa wakati wake tangu sherehe ianze hadi watu watawanyike, na ikizidiwa, picha inaanguka peke yake bila kuivuta sauti. Hilo la pili nalipa uzito zaidi. Kwenye harusi ya Malindi chini ya turubai, skrini ikiganda sekunde mbili ni wachache watakaogundua. Muziki ukikatika, kila mtu anamgeukia DJ.

Watu huuliza programu gani haikwami. Serato na VirtualDJ zote huchezesha video, na zote zitakwama ukizipa faili zisizofaa kazi hii. Kuanza na jina la programu ni kuanza pabaya.

Video ya fremu 25 kwa sekunde inaiachia kompyuta milisekunde 40 tu za kuandaa kila fremu. DJ anapochanganya nyimbo mbili, video mbili zinafunguliwa kwa pamoja ndani ya muda ule ule. Sasa angalia faili lenyewe. MP4 nyingi zimebanwa kwa H.264, mfumo unaohifadhi fremu chache zikiwa kamili, na zilizobaki zinabeba mabadiliko tu. Video ikienda moja kwa moja, hakuna shida. Lakini DJ huruka hadi kwenye kiitikio, hurudisha nyuma, huskrachi. Kila akiruka, programu hurudi kwenye fremu kamili iliyotangulia na kuzijenga upya zote hadi pale alipotua. Faili likiwa na fremu kamili moja katika kila 250, huenda ikalazimika kujenga karibu sekunde 10 za video kwa mguso mmoja wa kidole. Hapo ndipo skrini inapoganda, na lawama zinaiangukia programu.

Dawa ni kuyageuza mafaili mapema, fremu kamili ziwe karibu karibu. Watu wa skrini kubwa wanaotumia programu ya Resolume huenda mbali zaidi: mfumo wake wa DXV huifanya kila fremu ijitegemee, na kazi ya kuifungua hupewa kadi ya michoro. Gharama yake ni ukubwa wa faili, kwa hiyo tumia SSD (hifadhi ya kasi isiyozunguka), si diski ya zamani inayozunguka.

Halafu kuna joto letu, hasa msimu wa kaskazi. Laptopu ikichemka hujipunguzia kasi yenyewe, ndiyo maana video iliyokwenda vizuri saa mbili usiku huanza kurukaruka saa tano. Iinue juu ya meza ipate hewa chini, uiweke mbali na taa.

Stima zikipotea, laptopu huhamia kwenye betri, na nyingi hapo hushusha nguvu ili kuhifadhi chaji. Jenereta inaweza kuwasha projekta na spika huku video bado inasuasua kwa sababu laptopu iko kwenye betri. Basi ukiijaribu programu nyumbani, chezesha orodha nzima projekta ikiwa imeunganishwa, kisha katikati ya mchanganyo chomoa chaja uone picha inafanyaje.