Matrix ya tatu ililipa deni, ila ilipotea katikati

The Matrix Revolutions ilitoka Novemba 2003, miezi sita tu baada ya Reloaded, ile ya pili, na tangu hapo watu wengi wameshaihukumu kwa neno moja: mbovu. Mimi kazi yangu ni uhariri wa filamu, nashinda nakata na kuunga picha, na hiyo hukumu siikubali. Sio kwamba naitetea yote, kuna sehemu imeharibika na nitasema ni wapi, kinachoniuma ni kwamba watu wanaipiga mawe pale ilipofanya vizuri halafu wanaiachia pale ilipokosea.

Muvi ya kumalizia huwezi kuipima peke yake, lazima uangalie zile za mwanzo zilituahidi nini. Ya kwanza, 1999, binadamu wamefungwa na mashine ndani ya Matrix, dunia ya kompyuta wanayodhani ni ya kweli, na Morpheus, kapteni wa waasi, anaamini kabisa kwamba Neo, steringi wetu, ndo atakayemaliza vita kama unabii ulivyosema. Inakuja ya pili, yule mzee mwenye ndevu nyeupe kwenye chumba cha skrini, Architect, anamwambia Neo wewe ni wa sita, Zion, mji wa mwisho wa binadamu walio huru, imeshabomolewa mara tano, na huo unabii wenu wenyewe ni mpango wa mashine wa kuwadhibiti binadamu. Sasa ukishaandika sini kama hiyo huwezi tena kumaliza stori kwa steringi kupiga kila mtu na kushinda kwa sababu umeshatuonyesha kuwa kushinda kwenyewe ni sehemu ya mtego. Wachowski, walioandika na kuongoza muvi hizi, walitoka hapo kupitia Smith, programu ya mashine iliyoasi. Smith amejizalisha, akimeza watu na kuwageuza nakala zake, mpaka mashine zenyewe haziwezi kumzuia, kwa hiyo Neo anaenda hadi mji wa mashine mikono mitupu na kuongea nao dili, mimi nitamzuia Smith, nyie mtupe amani. Watu walisubiri kuona mashine zinalipuliwa wakapewa suluhu, wakahisi wamedhulumiwa, lakini ukifuata stori ilivyojengwa, njia ya haki ilikuwa hiyo.

Na angalia lile pambano la mvua linavyoisha. Muvi zote tatu Smith anamwita Bwana Anderson, makusudi, kumnyima lile jina alilojichagulia. Pale chini kwenye shimo anafungua mdomo na kusema kila chenye mwanzo kina mwisho, na anamalizia kwa kumwita Neo. Halafu anashtuka mwenyewe, haelewi amesema nini, anaanza kuogopa, na Hugo Weaving hapo anabadilisha uso mzima kwa sekunde chache tu. Ni kwamba Smith alishammeza Oracle, yule programu mtabiri aliyekuwa anamwongoza Neo, na maneno hayo yametoka kwa Oracle. Neo anaelewa hapohapo, anaacha kupigana, anakubali kumezwa, na kwa kuwa mwili wake wa kweli umeunganishwa na mashine, zinapata njia ya kumfuta Smith kupitia kwake. Tumekua tunaambiana steringi hafi, na hapa kufa kwake ndo ushindi wenyewe. Kwangu hii ni moja ya miisho iliyofikiriwa vizuri zaidi kwenye muvi za aina hii.

Sasa tuje kwenye kosa. Utamu wa Matrix ulikuwa ndani ya Matrix, kwa sababu mle kuna sheria na raha yetu ni kuona nani anaweza kuzipinda, ndo maana risasi iliyosimama hewani ilitutoa jasho. Revolutions inatuhamishia Zion na kutukalisha huko muda mrefu sana. Zile roboti zinazoendeshwa na watu, maelfu ya sentinel, mashine za kuwinda binadamu, wanamiminika kupitia dari lililotobolewa, kazi ya efekti ni kubwa mno siibishii, lakini pale hakuna sheria ya kupinda, ni risasi na chuma tu, vita ambavyo muvi nyingine yoyote ingeweza kuvipiga. Mbaya zaidi Neo na mpenzi wake Trinity hawapo. Tunaachiwa kina Mifune, Zee na yule kijana Kid, watu ambao hatujakaa nao vya kutosha mpaka yanayowapata yatuchome. Hapa hata mhariri hodari hana cha kufanya, unaweza kukata haraka, unaweza kuruka kwenda kwa kapteni Niobe anavyoikimbiza meli kwenye mashimo membamba (sehemu hiyo nzuri kweli, unashika kiti) lakini huwezi kuunga mapenzi ambayo skripti haikuyaandika.

Hata hilo pambano la mwisho, pamoja na maana yake, linapungua uzito Neo na Smith wakiruka angani. Kwenye ile ya kwanza waigizaji walifundishwa kwa miezi na Yuen Woo-ping, ukuta ukipigwa unabomoka, mtu akianguka unasikia mgongo. Huku juu ni miili ya kompyuta inagongana na hakuna anayechoka.

Kuhusu Oracle kubadilika sura, naomba watu waache kulalamika. Gloria Foster aliyemwigiza alifariki 2001, Mary Alice akachukua nafasi, na skripti ikaliingiza hilo ndani ya stori kama gharama aliyolipa Oracle kwa uamuzi wake. Hawakuificha, waliibeba.

Kuna sini nyingine ninayoirudia kila mara. Trinity anapandisha meli juu kukwepa sentinel, wanatoboa mawingu, jua linaonekana. Muvi nzima ni kijani ukiwa ndani ya Matrix na bluu ya baridi ukiwa nje, macho yako yameshazoea, ghafla dhahabu. Morpheus alishatuambia kwenye ya kwanza kwamba binadamu ndo waliochoma anga, na huu ndo malipo yake, sekunde chache tu, Trinity anaona na Neo aliyepofushwa hawezi kuona. Kisha meli inaanguka tena. Wangekata mapema zaidi isingekaa, wangechelewa ingekuwa utamu wa kupitiliza.

Kwa hiyo maksi zangu: mwisho nzuri sana, mwanzo pale stesheni ya treni Neo aliponaswa unajikokota, katikati ndefu kupita kiasi. Ukitaka kuitendea haki iangalie siku moja na Reloaded bila kupumzika, maana zilipigwa kwa pamoja, na ile ahadi ya Architect inakuwa bado iko moto kichwani Neo akifika kwenye mji wa mashine.